Waya Uliosokotwa Kushoto

Wakala alikuja siku ya Ijumaa akiwa amevaa viatu vyeupe, na hilo peke yake lilitosha kumtia Sikio shaka. Mtu anayewauzia mafundi gari anapaswa kujua kwamba sakafu ya karakana ina mafuta. Huyu alitembea kwa ncha za vidole. Aliegesha gari lake la umeme katikati ya uwanja bila mtu yeyote kulisikia likiingia, akatangaza kwamba likichajiwa mara moja linakwenda kilomita mia mbili.

"Mia mbili zipi?" Sikio akauliza. "Za tambarare au za mlima? Likiwa tupu au na mzigo?"

"Mzee wangu, mia mbili ni mia mbili."

"Si kweli. Kuna mia mbili za kuteremka na mia mbili za kupanda, na punda anazijua zote."

Mafundi wakacheka. Wakala naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo.

Karakana ilikuwa ya kiwanda cha mikate. Magari yake sita ya dizeli yaliondoka kila siku saa kumi na moja alfajiri, kila moja na njia yake, yakarudi mchana na trei tupu. Sikio ndiye aliyeyachunguza yakiugua. Jina hilo alilipata kwa sababu ya bisibisi yake ndefu: ncha aliiweka kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua, kisha akasema kilichovunjika. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Kama hakusikia kitu, alisema hakusikia kitu.

Msimamizi wa karakana alikuwa kaka yake wa tumbo moja, aliyemzidi miaka tisa. Wote walimwita Nozeli, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyemfikia kwa pampu na nozeli za kupulizia dizeli kwenye injini. Yeye ndiye aliyemfundisha Sikio kushika spana. Yeye ndiye pia aliyeandika kwa mkono wake wa kushoto lile bango la ukutani: GARI HALIGUSWI BILA KADI. Kila kazi, hata ya kukaza skrubu moja, iliandikwa kwenye kadi yenye namba, ikatiwa sahihi, ikatumbukizwa sandukuni. Waliompinga zamani walikwisha hama au walikwisha zoea.

Mkurugenzi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliwaita ndugu wawili ofisini. Wakala ameliacha gari wiki nzima lijaribiwe. Likifaa, magari yote sita yatabadilishwa kabla ya mwaka kwisha. Ripoti ataandika Sikio.

"Kwa nini yeye?" Nozeli akauliza. "Msimamizi ni mimi."

"Kwa sababu wewe umeshaamua," akasema Mkurugenzi. "Yeye haamini hata saa ya ukutani mpaka aipime."

Gari hilo la umeme uwanjani lilikwisha pata jina. Waliliita Paka, kwa vile lilinyata.

"Mvua ikinyesha, dereva ataiva kwa shoti humo ndani," fundi wa bodi alisema.

"Na umeme ukikatika?" akadakia mwingine. "Mikate italala hapa, sisi tutaisindikiza na chai."

Mama Pacha, dereva wa njia ya pili, alikuwa anafunga mlango wa Paka. Alikuwa na mapacha wa miaka minne na hakuna mzaha uliompita. "Kwani pampu ya kituo cha mafuta inazungushwa na nini? Sala? Umeme ukikatika, na nyinyi mnasimama foleni kama wenzenu."

"Wewe umehongwa kiyoyozi!"

"Nimehongwa mgongo usiouma. Mnaoshabikia dizeli, njooni mkae juu ya injini yake miaka minane."

Nozeli hakucheka. Alisimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, akatazama sanduku la chuma lisilo na bomba wala pampu. "Hakuna mahali pa kuweka mkono," akasema, na akaifunga polepole.

Majaribio yalianza Jumatatu kwenye njia ya pili, ya tambarare, kilomita mia na ishirini. Sikio aliweka masharti: dereva yule yule, trei themanini na nne, upepo wa matairi upimwe kila asubuhi. Jumatatu Paka alirudi akiwa na asilimia thelathini na moja ya chaji. Sikio akapiga hesabu: ahadi ya mia mbili ilikuwa imetiwa chumvi, kwa kuwa kilomita mia na sabini na kitu ndizo zilizowezekana. Uongo wa kawaida wa muuzaji, akasema moyoni. Unapimika.

Jumanne, kwa njia ile ile na mzigo ule ule, Paka alirudi na asilimia kumi na mbili.

Jumatano hakurudi. Alizimika kwenye kilomita ya mia na nane, akavutwa kwa kamba na gari la njia ya nne, kuukuu, lililokuwa likitoa moshi kama tanuri la matofali. Karakana nzima ilitoka kushangilia.

"Paka kaletwa na mbwa!"

Sikio hakushangilia. Betri haizeeki kwa siku mbili. Ikiwa njia ni ile ile na mzigo ni ule ule, basi kuna kitu kimebadilika, na kitu hakijibadilishi.

Kwanza alimshuku wakala. Huenda kipimo cha chaji kilipambwa ili siku ya kwanza ipendeze. Lakini mtu anayetaka kudanganya wiki nzima hafanyi hila ya siku moja. Akamshuku Mama Pacha. Akasoma kilomita kwenye dashibodi, zikalingana. Akahesabu trei mwenyewe, zikatimia.

"Fundi, unanipima mimi au unapima gari?" Mama Pacha akamuuliza, mikono kiunoni.

"Napima kila kinachosogea. Uliendesha kwa kasi?"

"Kasi ya wapi? Leo lilikuwa zito kama mtoto anayekataa kwenda shule. Breki yenyewe siigusi. Ukiinua mguu tu linajizuia."

Sikio akasimama. Alikwenda nyuma ya gari, akaweka kiganja kwenye rimu ya gurudumu la kushoto, akakiondoa haraka. Ilikuwa ya moto. Akajaribu la kulia, nalo hivyo hivyo. Dereva ambaye hagusi breki anarudi vipi na magurudumu ya kukaangia mayai?

Alingoja wenzake waende kula. Akalipiga jeki, akazungusha gurudumu kwa mkono, akaweka ncha ya bisibisi kwenye ngoma ya breki na mpini sikioni. Gari lililosemwa kuwa halina sauti lilikuwa na sauti moja: msuguano mwembamba, usiokatika, kama mtu anayepiga msasa katika chumba cha pili. Akaingia chini na tochi. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umekazwa. Haukukazwa kiasi cha kuzuia gari, ila kiasi cha kulichosha. Na nati ya kukazia ilikuwa imefungwa kwa waya mwembamba ili isilegee.

Aliutazama ule waya mwembamba zaidi ya alivyoitazama nati. Ulikuwa umesokotwa mizunguko saba, iliyobanana sawasawa, na ncha zake zilikunjwa kwa ndani zisije zikamchana mkono fundi atakayefuata. Mafundi wote wa pale walifunga namna hiyo, kwa sababu mwalimu wao alikuwa mmoja. Lakini wote walisokota kulia. Huu ulisokotwa kushoto.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na kwa kawaida husema baada ya kuumwa. Sikio alikata ule waya kwa koleo, akailegeza nati ya breki mpaka gurudumu likazunguka bila sauti, akajaza kadi ya kazi hiyo. Kisha alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na tisa: kadi hakuitumbukiza sandukuni. Aliitia mfukoni pamoja na waya.

Asubuhi ya Alhamisi alisema atampeleka Paka njia ya sita, ya mlimani, kilomita mia na hamsini, ndefu kuliko zote. "Kaka, twende wote. Nahitaji shahidi."

Alihitaji shahidi kweli. Zaidi ya hapo, alitaka mikono ya kaka yake ikae mahali anapoiona.

Kilomita arobaini za mwanzo, kwenye lami iliyonyooka, zilikula asilimia ishirini na tatu. Sikio akaandika.

"Leo linakwenda," Nozeli akasema, akitazama dirishani.

"Linakwenda kama lilivyokwenda Jumatatu."

Nozeli hakuuliza kitu. Hilo nalo Sikio aliliandika, ingawa si kwenye daftari.

Kisha ukaja mlima, na namba zikaanza kuporomoka. Kona baada ya kona Sikio alisoma kwa sauti: hamsini na tano, arobaini na tisa, thelathini na nane. Kwenye mteremko magurudumu yaliizungusha mota, yakarudisha chaji kidogo, mlima wa pili ukaichukua yote. Walipoteremsha trei za mwisho kwenye duka la kilomita ya mia na ishirini na nane, chaji ilibaki asilimia tano na safari ilibaki kilomita ishirini na mbili. Wakamwomba mwenye duka soketi. Akawaonyesha ile ya friji ya soda, akasema wawe wepesi.

"Tutakaa kama saa mbili," Sikio akamwambia.

"Saa mbili! Hilo gari linanyonyeshwa?"

Wakageuza kreti mbili tupu, wakakaa.

"Umeona?" Nozeli akasema. Kwa mara ya kwanza wiki ile uso wake ulilegea. "Nilisema tangu mwanzo. Mlima utawaumbua."

"Ulisema, na ulisema kweli." Sikio akatoa waya mfukoni, akauweka juu ya kreti katikati yao.

Nozeli aliutazama kama mtu anayetazama picha yake ya zamani. "Waya ni waya."

"Umesokotwa kushoto."

"Karakana nzima nimeifundisha mimi."

"Na wote tunasokota kulia, Kaka. Ulikuwa ukitupiga vibao mkononi tukiiga kushoto kwako."

Gari lilivuta umeme kimya. Ndani ya duka mtu aliuliza bei ya sabuni, akaiona kubwa, akaondoka.

"Wewe una masikio," Nozeli akasema hatimaye. "Utasikiliza hata friji, ukipewa. Mimi nina pampu na nozeli. Siku gari la mwisho la dizeli likitoka getini, nitasimamia nini? Ufagio?"

"Swali lako ni la haki. Jibu ulilolitoa ndilo bovu." Sikio hakupandisha sauti. "Ungeliacha lishindwe lenyewe. Leo limeshindwa bila mkono wako, mbele ya macho yetu. Lakini kesho nikimwambia Mkurugenzi kwamba njia ya mlimani bado inataka dizeli, na ile habari ya breki akaisikia kwingine, ataniuliza: na mlimani nako mlikaza? Umeifanya kweli yangu inuke."

Nozeli akauokota ule waya, akaugeuza kiganjani.

"Kitu kimoja sikielewi," Sikio akaendelea. "Ungeiacha nati bila waya, ningedhani imetoka kiwandani hivyo. Nisingekushuku maisha. Kwa nini uliifunga?"

"Nati isiyofungwa hutembea." Nozeli alijibu upesi, kama aliyeulizwa na mwanafunzi. "Ingejikaza yenyewe, gurudumu likaganda barabarani. Mama Pacha ana watoto wadogo."

Sikio akaitikia kwa kichwa. Alimwamini. Hilo lilikuwa jambo la kwanza aliloliamini tangu Ijumaa ya viatu vyeupe.

Ijumaa asubuhi ripoti ilikuwa mezani, kurasa mbili. Njia tano, ndiyo, kwa kilomita mia na sabini na si mia mbili. Njia ya sita, hapana: ibaki na gari la dizeli, na gari hilo liwe na fundi anayelijua. Katikati, penye Jumanne na Jumatano, palikuwa na nafasi tupu.

"Mbona hapa hujaandika?" Nozeli akauliza.

"Namba zipo. Maelezo sina. Siandiki namba nisizoweza kuzieleza."

"Utanitaja?"

"Sitakutaja. Na sitadanganya." Sikio aliweka kadi yake ya Jumatano juu ya meza, ile ya kulegeza breki, na pembeni yake akaweka kadi tupu na kalamu. Bango lilikuwa ukutani nyuma yao, na hakuna aliyeligeukia. "Saa mbili namkabidhi Mkurugenzi. Akiliuliza pengo, nitamwambia ni la kadi ambayo haijajazwa."

Saa ya ukutani, ambayo Sikio alijua inakwenda mbele dakika nne, ilionyesha saa mbili kasoro robo. Alibaki amesimama. Hakuondoka ili kumpa kaka yake faragha, kwani ingawa kadi zilikuwa na namba, kadi tupu huweza kupotea.

Nozeli akavuta kiti. Akashika kalamu kwa mkono wa kushoto.

"Tarehe niandike ya leo?"

"Ya siku uliyofanya kazi."

"Nilikaza mara mbili. Jumatatu jioni, na Jumanne."

Sikio akafungua droo, akachomoa kadi ya pili, akaiweka juu ya ya kwanza.

Nozeli aliandika taratibu, herufi kubwa, kama za bangoni. Waya wa breki ya mkono, umekazwa mizunguko minne. Sababu: pale alisita, akaandika, akageuza kadi kabla mdogo wake hajasoma. Alipofika mwisho wa kadi ya pili aliigeuza tena, akaongeza mstari mmoja ambao hakuna aliyemtaka auandike: nati imefungwa waya, salama. Kisha akatia sahihi zote mbili, akazisukuma mezani.