Jeneza la Teófilo

Mji wetu wa Antapuquio ulizaliwa na mlima, na mlima huohuo ndio umeuua. Kwanza walikuja Wahispania kuchimba fedha, wakatuachia kanisa na vikohozi vya damu. Wakafuata watu wa bati, wakatuachia wajane. Mwisho wakaja hawa wa shaba, nao waliutaka mlima mzima pamoja na mji ulioukalia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wageni wetu tunawajua, na hatujapona hata mmoja.

Kampuni ilitujengea nyumba bondeni, zote za saruji, zote sura moja. Lakini kwetu mtu hahami akawaacha wafu wake. Wao hutangulia, ndipo sisi tukafuata. Basi mwezi wa Agosti, ardhi ikiwa kavu, tulifungua makaburi. Mifupa tuliiosha kwa pombe kali, tukaifunga kwenye mbeleko za sufu, tukaibeba mgongoni kama watoto wachanga.

Mimi nilimbeba mama yangu, lakini wa baba sikuwa na mfupa hata mmoja. Mwaka wa mgomo wa bati askari walifyatua risasi uwanjani, kisha wakawapakia waliokufa kwenye lori, baba yangu mmoja wao. Hakurudishwa hata mmoja, isipokuwa Teófilo, mume wa Mama Casimira. Casimira alikaa langoni pa kambi akiwatukana askari na mama zao, mpaka wakampa jeneza lililopigiliwa misumari ili anyamaze. Waliolibeba walitania kwamba Teófilo, yule mwembamba, amenenepea kifo. Tangu hapo, kila Siku ya Marehemu Wote, Casimira alikuwa na pa kuweka mkate wake na viazi vyake. Mama yangu hakuwa na mahali. Alimwonea kijicho mpaka alipokufa.

Siku ya zamu yake Casimira alikuja na mbeleko mpya aliyoifuma mwenyewe. Mume wangu Eleuterio ndiye aliyechimba, pamoja na kaka yake.

“Polepole, Eleuterio! Huyo si gunia la viazi.”

“Mama, huyu ulikuwa unamlisha nini? Tuko wawili na hainuki!”

“Alikula kwangu. Nawe ungekula kwangu usingekuwa na miguu ya kuku.”

“Unasikia, mke wangu? Unatukanwa wewe hapo!”

Tulicheka sana, maana wafu wetu hawapendi nyuso zilizonuna. Halafu mbao zilizooza zikaachia.

Yalikuwa mawe. Mawe ya mgodini, yamepangwa vizuri na kushindiliwa majani makavu yasigongane. Aliyeyapanga hakuwa na haraka. Casimira alipiga magoti akayatoa moja moja, akitazama chini ya kila moja kama mtu aliyedondosha hereni. Alipofika kwenye ubao mtupu akakaa.

“Mjinga mimi,” alisema. “Miaka yote hii nayapikia mawe.”

Bwana Landívar wa kampuni, kijana wa pwani, alisogea na kofia yake ya plastiki.

“Pole sana, mama. Ila kule bondeni kaburi ni la mabaki ya binadamu tu. Ndio utaratibu.”

“Sawa, mwanangu. Nipe binadamu wangu. Si mnachimba nyinyi? Mtafuteni.”

“Hatujui alipo, mama.”

“Tunajua,” Eleuterio alisema, macho chini. “Usiku ule lori lilipanda hadi kwenye shimo la zamani. Likashuka jepesi.”

Hakuna aliyebisha. Watu wote wa rika la Casimira na wa rika letu walilijua jambo hilo. Mama yangu alikuwa akienda kulia karibu na shimo lile kwa siri. Casimira peke yake hakuambiwa, kwa sababu alikuwa na kaburi, na nani angemwambia?

“Lile shimo?” Landívar alisema. “Haliingiliki, mama. Lilishazibwa kwa zege, na mwezi ujao tunalipua upande ule.”

“Lizibueni kwanza.”

“Haiwezekani. Ni hatari.”

Casimira aliokota jiwe akalivurumisha kwenye gari la kampuni, kioo kikasambaratika. “Hilo lenu! Na haya mengine chukueni, mali yenu!” Landívar hakukasirika. Alisema gari lina bima. Nilimchukia kwa upole wake ule kuliko ninavyowachukia wale askari.

Mlima waliulipua, na shimoni hakuna aliyeshuka kutazama. Casimira alihamia bondeni na mbeleko yake ikiwa imekunjwa kwapani. Sasa malori ya kampuni hupita kando ya nyumba zetu mpya mchana kutwa, yamejaa mlima hadi juu. Akaanza kukaa barabarani, na kila lori likipita anasimama, anavua kofia, anafanya ishara ya msalaba. Watu wakasema amerukwa na akili. Nikamfuata.

“Mama Casimira, unayasalimia malori?”

“Sijui yumo lipi, mwanangu. Nikiacha moja, huenda ndilo.”

Nilisimama naye, nami nikavua kofia, maana baba yangu pia yumo humo. Mpaka leo tunasimama. Madereva ni watoto wetu wenyewe, waliopewa kazi na kampuni. Wakituona hupiga honi na kutupungia mkono, wakidhani tunawasalimia wao.