Mkono Kwenye Boksi la Chanjo

Nzioka, kijana wa ukoo mwingine, alimkata mwanangu Mulinge kwa panga jioni, mtoni Ikutha, kwenye kisima cha mchangani. Waligombania zamu ya kunywesha mbuzi. Panga liliingia chini ya kiwiko likafika mfupani. Mulinge akampasua kichwa kwa ndoo ya chuma, kisha akakimbia nyumbani damu ikiruka.

Shemeji yangu Muthama alimfunga juu ya kiwiko kwa kipande cha mpira wa blada ya baiskeli, akakaza mpaka damu ikasimama. Hapo alifanya vizuri. Halafu akaharibu, akakataa kijana apelekwe hospitali. Kwetu, watu wa koo mbili wakiumizana, wazee wa pande zote huliona jeraha pamoja kabla halijasafishwa. Likishashonwa, upande wa pili husema ulikuwa mkwaruzo tu. Ukoo wa Nzioka ulijibu kwamba utakuja asubuhi.

Mimi nilikuwa Makindu. Nina diploma ya afya ya mifugo na kazi yangu ni kuchanja ng'ombe na mbuzi. Alfajiri Mulinge alinipigia simu akanieleza yote, akamaliza kwa kusema mkono hauumi tena. Maumivu yangenitisha kidogo. Huko kutouma ndiko kulikonitoa kitandani. Nikawasha pikipiki ya kazi, boksi la chanjo likiwa limefungwa nyuma.

Nilikuta wazee wetu wanakunywa chai uani. Wale wa ukoo wa Nzioka hawakuwa wamefika. Mkono wa Mulinge ulikuwa baridi, rangi yake kama ini lililolala, malengelenge yamepanda, na harufu ninaijua. Nilimchoma kidole kwa sindano. Hakushtuka, na damu haikutoka.

Chuoni tulifundishwa kwamba nekrosisi ni neno lililotokana na neno la Wagiriki la maiti. Ni nyama kufa ndani ya mwili ulio hai, hata ikiwa sehemu ndogo kama punje. Gangrini pia ni la Wagiriki, kidonda kinachotafuna. Hilo tunalitumia sehemu kubwa ikishakosa damu, ikafa na kuanza kuoza. Nimeyasema yote mawili mara nyingi, nikizungumzia viwele vya mbuzi wa watu.

Muthama alikuja na kisu. Alitaka kukata mpira ili damu irudi, wageni wakute mkono una rangi. Nikamwambia uchafu wa nyama iliyokufa utakimbilia moyoni na kijana atafia hapo uani.

"Huyu si mbuzi, Daktari," akasema, na wazee wakacheka.

Akainama. Nikachukua mchi wa kinu nikampiga kifundo cha mkono, kisu kikaanguka. Alipokifuata nikampiga tena, begani, akaenda chini kwa magoti. Hakuna aliyecheka. Nikawaambia wazee kwamba anayetaka kuona jeraha atufuate hospitali.

Abdow, mnunuzi wa mifugo, alikuwa kwa jirani akipakia mbuzi kwenye pikapu. Alipomwona Mulinge aliwashusha wote bila kuombwa, akatupakia sisi na boksi langu la chanjo. Njiani kijana alikuwa akitapika mapajani mwangu na kunishika nguo kwa mkono mzima.

"Mama, wasinikate."

"Watakukata," nikamwambia. "Nataka kurudi na wewe."

Walimkata siku hiyo hiyo, juu ya kiwiko, kupita alama ya mpira. Daktari alisema tungechelewa hadi jioni angezungumza nami habari za mochari. Nikaomba mkono tukauzike nyumbani, nikauweka katika boksi la chanjo pamoja na barafu.

Kesho yake, Mulinge akiwa bado wodini, ukoo wa Nzioka ulikuja kwetu. Nzioka alikaa mbele na bandeji kichwani. Mjomba wake akasema panga la kijana wao lilichuna ngozi tu, mkono umekatwa na daktari, basi kesi ipelekwe kwa daktari.

"Hata mimi nasikitika, mama," Nzioka akasema. "Lakini msumeno si wangu."

Muthama, mkono umemvimba, akanigeukia. "Nilikuambia tungoje. Sasa tutawaonyesha nini?"

Nikafungua boksi. Nikautoa mkono nikauweka juu ya meza, katikati ya vikombe vya chai. Mmoja alitapika. Niliwaonyesha mahali panga lilipofika mfupani, kisha alama ya mpira, kisha weusi uliokuwa umeanzia kwenye kucha.

"Mlitaka kuona pamoja. Oneni. Huku kunaitwa nekrosisi, na neno hilo limetoka kwa maiti. Daktari alikata maiti. Nzioka, wewe ulikata mkono wa mtu aliye hai."

Nzioka akaangalia chini. Muthama akaanza kuitikia kwa kichwa, amesahau kwamba naye yumo.

"Na wewe, shemeji, uliuacha ufe ukingoja wageni. Nyinyi nyote mlinywa chai."

Mjomba wa Nzioka akasema, polepole, kwamba ukoo wao unakubali kosa. Muthama akachukua jembe kwa mkono wake mzima, akaenda nyuma ya nyumba kuchimba kaburi la mkono. Nikamwita Nzioka amsaidie, na akaenda.

Mimi nikaosha boksi kwa dawa ya Jik mara mbili. Jumatatu nina ng'ombe wa kuchanja, halafu nimwone Mulinge.