Nilivyoihukumu Injini ya Adero

Nina aibu. Nasema hivyo mapema kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea ndiko ninakokujua zaidi.

Mimi ni fundi wa pikipiki hapa mtaa wa Kongo, Kawangware. Mwezi uliopita nilijitengenezea mashine ya kupima kompresheni, yaani nguvu ya injini ya kubana hewa. Sensa ya presha niliichomoa kwenye gari bovu, bodi na kioo cha namba nikavitoa kwenye mizani ya dijitali iliyokufa, umeme ukatoka kwa betri ya simu. Plagi kuukuu niliitoboa katikati ili hewa ya injini ipite. Nikailinganisha na geji ya pampu ya matairi, namba zikakubaliana. Siku hiyo sikushikika.

Habari zilifika hadi Kianda, Kibera. Ndiko alikotoka Adero, mwanamke anayeendesha boda, akiwa na pikipiki yake iliyokosa nguvu. Nilifunga mashine kwenye tundu la plagi, nikapiga kiki, namba zikakwama chini kabisa.

"Piston imeisha, ringi zimeisha," nilimwambia. "Hii uza tu skrepa, chuma chakavu."

Mzee Kavoi, aliyenifundisha kazi, alikuwa kando. Yeye hupima kwa kuziba tundu la plagi kwa kidole gumba, na mkono wake mwingine huvuta mafuta, yaani huzungusha kishikio cha usukani, hadi mwisho.

"Ulivuta mafuta?" aliniuliza.

"Mzee, hicho kidole nenda ukaonjee mchuzi."

Mafundi wote walicheka. Adero naye akacheka. Kavoi alifuta mikono, akarudi kwenye kazi yake.

Jana niliipima pikipiki yangu mwenyewe, nzima kabisa. Namba zikakwama palepale. Nilitukana waya, nikatukana betri. Kisha nikavuta mafuta hadi mwisho, nikapiga kiki tena, na namba zikapanda. Usipovuta mafuta, mlango wa hewa haufunguki, na hewa haiingii ya kutosha. Injini ibane nini? Kavoi alinifundisha hilo wiki ya kwanza. Nilikaa juu ya tairi, uso ukiniwaka.

Leo asubuhi nimekwenda Kianda. Nilimkuta Adero mlangoni akifua nguo za watu, maana ndiyo kazi aliyobaki nayo baada ya kuuza pikipiki.

"Fundi! Karibu. Bila wewe ningemwaga pesa bure kwa ile injini."

Nilimweleza yote, macho yangu kwenye povu la sabuni. Mikono yake ilitulia ndani ya beseni.

"Opondo ndiye aliinunua, kwa bei ya skrepa," alisema. "Huyu jirani yangu. Juzi aliniambia inakimbia vizuri na hakufungua injini, alisafisha kabureta tu. Nikamwita mwongo, mbele ya bibi yake na watoto. Nikamwambia fundi wangu ako na mashine."

Nikasema tu, "Adero, nitakutafutia…"

"Wachana na hiyo kwanza." Alikamua shati, akalianika, akajipangusa mikono kwenye leso. "Opondo ako steji ya boda saa hii na wenzake wote. Twende umwambie mwongo ni nani. Halafu tunaenda kwa yule mzee wa kidole. Mimi pia nilimcheka."

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Na mashine yako iko wapi?"

"Iko kwa begi."

"Itoe," alisema. "Ibebe kwa mkono, waione."