Shikamoo ya Ukutani

Kunal, mtoto wa Mama Bhagwati mwenye duka la vitambaa hapa Shinyanga mjini, alirudi kutoka masomoni Uingereza akaona tulichopungukiwa ni ukuta wa kupanda. Unapanda, unafika juu, unashuka, basi. Usukuma hii imejaa majabali ambayo mbuzi wanayapanda bila kusoma ng'ambo, lakini yeye alichukua ghala la pamba la marehemu baba yake, akasimamisha mbao hadi karibu na kenchi, akapigilia vishikio vya rangi vinavyofanana na viazi vilivyoota vibaya. Chini akatandaza magodoro ya pamba chakavu.

"Kamba ziko wapi?" nilimuuliza.

"Hakuna kamba, bibi. Somo la kwanza ni kuanguka."

Miaka yote nimehangaika nisianguke, kisimani na kwenye utelezi wa masika. Kumbe nilikuwa natoroka shule.

Nilikuwa pale kwa ajili ya mjukuu wangu Loveness. Kunal alitaka mtu mmoja wa kufundisha wanaoanza, na msichana aliitaka kazi ile mpaka ugali ukawa haupiti. Akiikosa, baba yake mkubwa, Masele, angemchukua Buseresere akawapimie wateja wake mafuta ya taa. Alishawahi kukaa kule likizo moja, akarudi akinuka mpaka nywele.

Mshindani wake alikuwa Sostenes, kijana wa machimbo ya Geita. "Mimi nimekulia kwenye maduara," alijigamba, "mashimo ya dhahabu hata mwisho wake huuoni. Huu ukuta ni kitanda changu."

Sharti la Kunal: ushike kishikio chekundu cha juu kabisa bila kugusa chini. Sostenes akajipaka unga wa chaki mpaka masikioni kama andazi, akajivuta kwa mikono tu, miguu ikining'inia kama ya kuku aliyechinjwa. Karibu na juu nguvu zikamwishia. Akatua wima, miguu mikavu kama michi, pu! Akashika kiuno.

"Kunja magoti!" Kunal alilia. "Kila siku nawaambia!"

"Godoro lenyewe baya."

Loveness akapanda. Huyu alisukuma kwa miguu, taratibu, kama anayekwea darini kuteremsha karanga. Vidole vilikuwa vinakaribia chekundu mlango ulipokwaruza sakafu.

"Hodi humu." Masele.

Msichana akageuza shingo. Nyayo zake zilikuwa juu ya kichwa cha baba yake mkubwa. Kwetu mtoto haamkii mkubwa akiwa juu yake, tena amempa mgongo. Nikasema moyoni: shika, mpumbavu wewe, shika!

Akaachia.

Alitua kwa miguu miwili, magoti yakakunjika yenyewe mpaka godoroni, kichwa kimeinama.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu. Fungasha, twende."

Sostenes alicheka mpaka akasahau kiuno. "Adabu imemponza! Naanza lini, bosi?"

Kunal hakumsikia. Alikuwa anamzunguka Loveness kama mnunuzi wa ng'ombe. "Nani amekufundisha kutua hivyo?"

"Sijatua. Nimeamkia."

"Rudia."

Akapanda, akaachia, akaamkia. Masele, mtu wa heshima zake, akaitika. Loveness akarudia tena. Sasa marahaba ya Masele ikatoka kwa kuuma meno.

"Huyu ndiye mwalimu," Kunal akasema. "Kupanda atajifunza yeyote. Kuanguka ndiko kunakoniogopesha."

"Hakufika juu!" Sostenes akapiga kelele.

"Na wewe hukufika chini," nikamwambia.

Masele alirudi Buseresere peke yake. Juzi nilichungulia ghalani. Makarani wa mjini, watu wenye mikoba, wanadondoka ukutani mmoja baada ya mwingine, magoti chini, "Shikamoo!" Wanaliamkia godoro. Na Loveness kasimama pembeni, mikono kiunoni, anawaitikia marahaba wanaume wenye mvi.

Hilo nimemkataza. Hajaacha.