Punguza Kijicho, Wifi

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongagonga jikoni, ti-ti-ti, kabla hata jogoo hajawika. Flaviana alifumbua macho gizani akajua maji yanachemka, akajua pia kwamba si yeye aliyeyabandika. Ni wifi yake. Jikoni kwake, juu ya mafiga yake, kwa sufuria yake.

"Hata sufuria," alijisemea, akavuta blanketi.

Stumai, mke wa kaka yake Dominic, alikuwa amelala hapo Mbulumbulu kwa ajili ya harusi ya jirani. Mtoto huyo wa watu wa Singida hakuwa na kosa la kutajika. Alisalimia vizuri, alifagia bila kuambiwa, na alfajiri hiyo aliamka achemshe maji ili wifi yake aoge ya moto, maana baridi ya kule juu haina huruma. Flaviana aliikuta ndoo mlangoni inafuka mvuke. Akaoga. Hakushukuru.

Donda lake lilikuwa kamera. Zamani yeye na Dominic ndio waliopiga video za harusi kutoka Endamarariek hadi Karatu mjini, kaka anaendesha pikipiki, dada nyuma amekumbatia begi. Kisha Dominic akaoa. Akanunua kamera mpya, ile ndogo ya kisasa isiyo na kioo ndani, na kila jioni akawa anamfundisha mkewe. Sasa alikuwa ameajiriwa kuendesha watalii, na jana yake alikuwa amepiga simu: "Dada, kesho Stumai ashike kamera. Wewe msaidie begi."

Msaidie begi! Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Walipokuwa wanajiandaa, Stumai alifuta lenzi akasahau kitu mezani: kile kioo cheusi cha kuzungusha, kinachofungwa mbele ya lenzi jua likiwa kali. Kwenye video huwezi kuikimbiza shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, upendavyo ili kupunguza mwanga. Ukiikimbiza, watu wanaonekana wanatembea kwa kukatakata. Kioo hicho ndicho kinacholinyima jua njia. Flaviana alikiona. Akakitia mfukoni.

Acha video iungue kwa mwanga, moyo ulimwambia. Kaka akiitazama jioni, atajua nani mwenye mkono, na kamera itarudi nyumbani.

Wakapanda Ngorongoro na maharusi, hadi pale ukingoni watu wanaposimama kuitazama kreta. Bibi harusi alikuwa amevaa gauni lake jeupe, amemshika mkono Bibi Esta, nyanya wa bwana harusi. Bibi huyo alikuwa amelima maisha yake yote chini ya mlima huo, na hakuwahi kuiona kreta hata siku moja. Wajukuu walitaka wapate uso wake atakapoiona, na jambo hilo halina marudio. Hakuna anayeona kitu kwa mara ya kwanza mara mbili.

Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. "Fumba macho, bibi, mpaka tukuambie," bibi harusi alisema, na bibi akatii.

Stumai alikuwa ameachia tundu la lenzi wazi kwa sababu ya ukungu, na ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, ameiacha kwenye oto ijipange yenyewe. Flaviana alichungulia skrini ya kamera juu ya bega la Stumai. Ukungu ukipita, picha inang'aa. Gauni likiingia, picha inafifia. Video ilikuwa inapumua kama mtu mwenye pumu. Flaviana alijua dawa yake. Hakusema.

Ghafla ukungu ukapasuka, jua likamwagika. Stumai, mikono yote miwili imeshika kamera, akapiga kelele:

"Wifi! Kijicho kimezidi! Punguza kijicho, wifi, unaona kabisa bibi harusi anaungua!"

Mashangazi wakaangua kicheko. "Leo wifi kapewa yake!" "Na mlimani kote wamesikia!"

Damu ilimpanda Flaviana kichwani.

"Kijicho? Nani ana kijicho na wewe? Kaka umemchukua, kamera umechukua, leo asubuhi umechukua hata sufuria! Nimebakiziwa begi, na bado naambiwa nina kijicho?"

Kicheko kikakatika. Stumai alimkodolea macho, kisha akainua kidole kimoja akaonyesha lenzi.

"Kijicho hiki, wifi yangu. Hili tundu. Dominic ndivyo anavyoliita."

Shangazi mmoja akasema polepole, "Basi mwanangu, hapo umejitaja mwenyewe."

"Nyie wasichana," Bibi Esta akaita, macho bado ameyafumba, "nifumbue au bado mnagombana?"

"Bado, bibi. Kidogo tu," Flaviana alijibu. Mkono wake ukaingia mfukoni, ukatoka na kioo cheusi.

Stumai akakitazama kile kioo, akamtazama wifi yake. Kama alielewa, hakuonyesha. Alisema tu, "Afadhali ulikibeba. Mimi ningekiacha mezani."

Wema huo ulimchoma Flaviana kuliko kile kicheko.

"Usikipunguze hicho kijicho," alisema, neno lenyewe chungu mdomoni. "Ukikibana, nyasi zote nyuma zitaonekana jani kwa jani, bibi apotee humo. ISO itoe kwenye oto, ibane chini. Shata iache hamsini. Jua tulinyime kwa kioo. Na mwanga usiupime kwa gauni, upime kwa uso wa bibi."

Stumai akamnyooshea kamera. "Shika wewe, wifi."

Alivyoitamani! Vidole vilimwasha. Lakini tangu asubuhi alikuwa amemwona Stumai akitembea kinyumenyume kwenye nyasi zenye umande bila kamera kutikisika, na hilo yeye hakuliweza kamwe.

"Wewe tembea. Mimi nazungusha kioo."

Wakarudi nyuma bega kwa bega, mikono yao ikigusana kwenye lenzi. Bibi Esta akafumbua macho. Hakupiga vigelegele. Alishika kilemba chake kana kwamba kitaangukia huko chini.

"Kumbe," alisema. "Kumbe ilikuwa hapa hapa."

Ukungu ulipita tena, jua likarudi, na Flaviana alizungusha kioo taratibu, unywele kwa unywele. Picha haikupumua.

Jioni Dominic alifika kumchukua mkewe, akaitazama video akiwa amesimama mlangoni.

"Stumai, umepiga!"

Flaviana akainamia maharage aliyokuwa anachambua.

"Mwanga wote ni wa wifi," Stumai alisema. "Mimi nilikuwa miguu tu."

"Dada, kumbe bado upo?"

"Nilikuwa nimekwenda wapi, wewe?"

Walipoondoka, Dominic alimfungulia mkewe mlango wa gari, na donda likamwuma Flaviana pale pale pa siku zote. Hata hivyo alikuwa amefunga maharage kwenye mfuko, akaupitisha dirishani hadi mapajani mwa Stumai.

"Asante, wifi. Tutakuja na Dominic akipata nafasi."

"Dominic ana watalii wake. Mwache nao." Flaviana hakuachia dirisha. "Njoo wewe, na kamera. Njoo tena, wifi."