Chuma Kipya cha Ulyana

Kocha Inessa Borisovna hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa karakana kwa bega, akatua mezani jozi mbili za viatu vya kutelezea barafuni, vile vyenye chuma chini ya soli, moja kuukuu na moja mpya, akasema, "Gleb Savelyevich, una dakika kumi na tano. Mashine ikimaliza kulainisha barafu, mtoto anarudi uwanjani. Niambie nimvalishe chuma cha umbo gani."

Nyuma yake alisimama Ulyana, msichana wa miaka kumi na mitano, soksi miguuni, magoti yamevilia damu. Alionyeshwa stuli, hakukaa. Aliegemea mguu huu, akaegemea ule, akatafuna kamba ya koti lake.

Gleb alikuwa mnoaji wa vyuma vya viatu katika uwanja ule wa Perm, mji wa Urusi, kwa miaka ishirini na miwili. Karakana yake ilikuwa chini ya majukwaa, na watu wakishangilia juu vumbi lilimwagikia chai yake. Mkono wake ulisifiwa mji mzima, naye sifa hizo alizijua kwa moyo kuliko hata waliozitoa.

"Anaanguka?" aliuliza.

"Tangu Jumatatu anaishi chini," alisema Inessa. "Akiruka, chini. Akizunguka anahama, anaanzia katikati ya uwanja, anamalizia ukutani. Na Ijumaa ndiyo mchujo."

Mchujo hauhitaji maelezo mengi. Majaji wangetoka Moscow, wachague wasichana wawili wa kikosi cha akiba, waondoke. Katika mchezo huu msichana wa miaka kumi na sita huitwa mama mkubwa, kwa hiyo Ulyana hakuwa na mwaka mwingine wa kungoja.

"Ni hili umbo, mimi nawaambia," alisema Ulyana. "Vyuma vyangu vya zamani vilikuwa na unene mmoja, mbele mpaka nyuma. Hivi vina kiuno, vyembamba katikati."

"Na nani alikutuma kununua kiuno?"

"Si Snezhana mwenzetu alivivaa akapata medali?"

"Snezhana alipata medali, basi kikundi kizima kikaota viuno," alisema Inessa. "Rafiki yangu dukani ameniwekea jozi mbili za vyuma. Kuna chenye unene mmoja, na kuna kile kinachopungua kuelekea kisigino. Sema neno, nipige simu."

Gleb alicheka kidogo. Jibu alikuwa nalo, lile lile la siku zote. "Chuma kipya hula nyama kwanza, ndipo kikutii. Mpe wiki tatu."

Msemo huo aliutunga mwenyewe, na uwanja mzima uliuamini kama sala. Msichana akipata vyuma vipya, alimletea Gleb chokoleti ili vimhurumie. Kisha alianguka wiki tatu, akazoea, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

"Nina siku mbili," alisema Ulyana, akageukia ukuta.

Hapo Gleb akaona aibu kidogo, akavuta viatu karibu. Ili ajue umbo linalomfaa ilibidi aone msichana alisimamaje juu ya chuma cha zamani. Hakuwahi kupata nafasi hiyo. Kwa desturi jozi kuukuu iliuzwa kwa mtoto mdogo siku ile ile mpya ilipokuja, na mbili hazikukutana mezani. Alikilaza kiatu kipya juu ya boksi gumu, akachora kwa penseli mpindo wa tumbo la chuma, ule ukingo wa chini unaogusa barafu. Kisha akalaza cha zamani juu ya mchoro, kisigino kwa kisigino.

Nyuma, mstari na chuma vilipatana. Katikati vilipatana. Mbele, nyuma kidogo ya yale meno ya kurukia, pale mchezaji anaposimama ili azunguke, mstari wa penseli ulichomoza nje. Chuma cha zamani kilikuwa kimelika pale. Mpindo ulikuwa umekufa, umekuwa bapa.

Akakigeuza kiatu. Akachora cha pili. Hali ile ile.

"Vipi?" aliuliza Inessa.

"Subiri."

Mashine ilinguruma juu yao, ikaenda mbali, ikarudi. Gleb alisimama, akakaa, akasimama tena. Kwenye rafu zilingoja jozi tatu za watoto wengine zilizoletwa kunolewa. Alizishusha, akazilaza moja moja juu ya mchoro. Zote zilikuwa bapa mahali pale pale, kama watoto wa baba mmoja.

Na baba alijulikana. Mkono wake, kila ulipofika karibu na yale meno, ulisita kidogo kabla ya kuinuka. Yeye kusita huko alikuita maridadi. Jiwe la kunolea halijui maridadi. Lilikuwa likila chuma. Kwa miaka ishirini na miwili watoto wa Perm walijifunza kusimama juu ya kosa lake, na kila walipopewa chuma cha kweli kiliwatupa chini.

Angeweza kusema tu, chukueni chenye unene mmoja. Inessa angepiga simu, Ulyana angeendelea kuanguka, Ijumaa ingepita, na lawama ingebaki kwa umbo. Nani angejua? Alifungua kinywa alitamke neno hilo hilo. Lakini msichana alikuwa amegeuka, anamtazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari, naye akaliacha neno hilo.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Si umbo. Kiuno hakina kosa. Ni mimi."

Akawaonyesha mchoro. Akawaonyesha na zile jozi tatu. Inessa alivaa miwani, akatazama muda mrefu, akaivua.

"Watoto wote?"

"Wote."

"Na hizo wiki tatu zako?"

"Ndiyo hizo. Nilivinoa mpaka navyo vikawa bapa, wakadhani wamevizoea."

Inessa alikaa kwenye stuli aliyoikataa Ulyana. "Nimewafokea watoto wa watu, Gleb Savelyevich. Nimewaita wavivu."

Gleb alikisukuma kiatu kipya mbele ya Ulyana. "Hiki ndicho sahihi, mwanangu. Ukikizoea utazunguka kuliko ulivyowahi. Sitakigusa."

"Nikizoea lini?"

"Mwezi. Labda miwili."

Ulyana aliacha kuhamahama. Tangu aingie, ndiyo kwanza miguu yake ilitulia. "Basi kifanye kama cha zamani."

"Nini?"

"Pale mbele. Kiue kama ulivyoua kile."

"We mtoto, nikikiondoa hicho chuma hakirudi. Hujanielewa nilichosema?"

"Nimekuelewa. Umesema unajua kukiharibu." Hakupandisha sauti. "Kiharibu."

Gleb alimtazama Inessa, akitumaini atakataa. Inessa alitazama sakafu, akasema, "Dakika sita."

Aliwasha jiwe. Safari hii hakusita kwa maridadi. Alisita kwa makusudi, akihesabu pumzi, akipima kila mara juu ya mchoro. Hakuwahi kunoa kwa uangalifu namna ile maishani mwake, na kila cheche iliyoruka ilimchoma rohoni.

Kisha akawafuata juu, akasimama kwenye ukingo wa barafu. Ulyana alizunguka duara moja kubwa, akaingia kwenye mzunguko, na hakuhama hata unyayo. Akaruka, akatua. Akaruka tena, akatua tena. Inessa alipiga kofi moja, halafu akaificha mikono mifukoni.

Msichana alikuja mbio hadi ukingoni, uso umewaka kwa furaha. "Ndivyo vyenyewe, Gleb Savelyevich. Mungu aubariki mkono wako."

Gleb alikuwa akilisikia neno hilo miaka yote, na miaka yote lilimnenepesha. Siku hiyo aliitikia kwa kichwa tu, akashuka ngazi haraka, asije akashukuriwa tena.