Tembe ya Kutoa Maji

Ghati alifika Gaithersburg, Amerika, mwezi wa kumi na moja, mwaka wa tisini na saba, akiwa na miaka sitini na tatu, sweta mbili mpya, na chupa ya tembe za presha alizopewa hospitalini Kehancha. Alikuja kumlea mjukuu. Binti yake Robi alikuwa amejifungua mtoto wa kiume aliyeitwa Wayne, na likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha. Robi aliwatunza wazee katika nyumba moja ya wazee huko Rockville, na kila siku alitoka saa kumi na mbili asubuhi. Mumewe, Tobias, alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini usiku kucha, akarudi saa mbili asubuhi na kulala hadi alasiri.

Fleti yao ilikuwa na vyumba viwili, sebule, jiko, na choo kimoja. Choo kilikuwa mwisho wa korido, na mlango wake ulitazamana na mlango wa chumba cha Robi na Tobias. Kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya ungemwambia pole.

Ghati na Tobias wote walitoka Kuria, na wote walikuwa wamelelewa kuheshimu ukwe. Mama mkwe na mkwewe hawakubanana kwenye njia moja, hawakutazamana sana, na mambo ya mwili hayakutajwa baina yao hata kwa mafumbo. Nyumbani jambo hilo halikuwa na taabu, kwa kuwa boma lilikuwa pana. Hapa kulikuwa na hatua sita kutoka kitanda cha mmoja hadi cha mwingine.

Ile tembe ilikuwa ya kutoa maji mwilini. Aliyeinywa alfajiri aliinuka kwenda haja ndogo mara nne au tano kabla ya adhuhuri. Siku ya tatu baada ya kufika, Ghati alikuwa akitoka chooni, mlango wa pili ukafunguka, na Tobias akatokea amevaa fulana na macho yamejaa usingizi. Walisimama wote wawili kama waliokutana na nyoka. Tobias akarudi ndani haraka. Ghati akautazama ukuta mpaka aliposikia mlango umefungwa, kisha akaenda kukaa kando ya mtoto, uso ukiwaka.

Kesho yake hakuinywa tembe, wala siku iliyofuata. Chai akaipunguza hadi kikombe kimoja, na maji akayaacha kabisa mpaka Tobias atoke. Robi akimuuliza jioni kama amekunywa dawa, aliitikia kwa kuguna, na mguno unaweza kuwa jibu lolote.

Haukupita muda miguu ikaanza kuvimba. Robi aliiona jioni moja mama yake alipovua soksi, akaibonyeza kwa kidole na kishimo kikabaki. Hakupiga kelele, ila kesho yake alirudi na karatasi ya kazini yenye herufi kubwa, akaibandika kwenye friji: maji glasi nane kwa siku, chumvi kidogo, dawa kila asubuhi, kutembea nusu saa. Chumvi akaiondoa jikoni yeye mwenyewe, na kwa wiki mbili sukuma wiki ya nyumba ile ikawa na ladha ya majani ya kulishia ng'ombe. Ghati alikula bila kunung'unika. Miguu ilibaki vile vile, na sasa kichwa nacho kilimgonga upande wa kisogo kila asubuhi.

Lililobaki ni kutembea. Nje palikuwa na baridi ya kukata masikio, lakini ng'ambo ya barabara palikuwa na jumba kubwa la maduka, na milango yake ilifunguliwa mapema kwa ajili ya watu waliotaka kunyoosha miguu kabla ya maduka kuanza kazi. Robi alimpeleka Jumamosi moja akamwonyesha njia, mahali pa kuvuka, na taa ya kungojea. Kuanzia Jumatatu Ghati akawa anamfunga Wayne kwenye kigari chake, anavuka, na kuzunguka humo ndani pamoja na wazee wa Kizungu waliovaa raba nyeupe.

Siku ya nne mtoto alilia mbele ya duka la viatu. Ghati akamwinamia akamwambia, "Nyamaza, baba, tunazunguka tu, hatuendi mbali."

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikasema, taratibu, kama mtu anayesoma barua: "Hujambo, dada. Mtoto huyu ana njaa au ana usingizi?"

Alikuwa Mwamerika mweusi, mrefu, mwenye mvi fupi na miwani iliyofungwa kamba. Aliitwa Marjani. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyejifunza Kiswahili ujanani katika madarasa ya jioni, akakifundisha kidogo, kisha akakaa nacho miaka mingi bila mtu wa kuzungumza naye. Alisema "msalani" na "staftahi" na "tafadhali niwie radhi". Ghati alicheka kwa mara ya kwanza tangu aje, akamwambia kwamba hata chifu wa kwao hazungumzi hivyo. Marjani hakuchukia. Aliuliza basi huko husema vipi, akayarudia maneno mpaka yakamkaa.

Wakawa wanatembea pamoja. Marjani alisukuma kigari, Ghati akasimulia. Alisimulia mvua kubwa zilizokuwa zikinyesha nyumbani mwaka ule, madaraja yaliyochukuliwa, simu zilizokatika katikati ya neno. Marjani alisimulia habari za marehemu mumewe, aliyefariki kwa kiharusi akiwa na miaka hamsini na minane, mtu ambaye hakupenda daktari hata wa kumwona njiani.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, kwenye mzunguko wa pili, sakafu ilimwinamia Ghati. Alishika ukingo wa kigari. Marjani alimketisha kwenye benchi, akangoja rangi imrudie, kisha akamkokota pole pole hadi duka la dawa lililokuwa limefunguliwa. Humo mlikuwa na kiti chenye mashine ya kupimia presha; unaingiza mkono, mashine inaukaza, namba zinawaka. Ziliwaka mia na sabini na nane juu ya mia na nne. Marjani akamwambia akae tu, asizungumze, na baada ya dakika tano wakapima tena. Namba hazikushuka.

"Unakunywa dawa yako?" Marjani aliuliza.

Ghati alianza kuguna kama alivyozoea. Lakini mwanamke huyu hakuwa binti yake, hakuwa wa ukoo wake, na alikuwa wa rika lake. Akamweleza yote: tembe, korido, mlango, fulana. Alimweleza akitazama magurudumu ya kigari.

Marjani alisikiliza hadi mwisho. Hakucheka.

"Dada," alisema, "mume wangu naye alinificha mambo kwa heshima. Siri hii siwezi kuibeba. Nenda ukamwambie binti yako mwenyewe. Nipe namba ya nyumbani; jioni saa moja nitampigia simu, na nisingependa aisikie kwangu kwanza."

Siku hiyo Ghati aliona saa ya ukutani ikienda mbio kuliko kawaida. Robi alirudi saa kumi, Tobias akiwa ameamka na kwenda dukani. Ghati alimfuata jikoni, akalifunga bomba ambalo Robi alikuwa akioshea chupa za mtoto, akasema kwa Kikuria, kwa sauti ya chini, kwamba tangu mwezi wa kumi na moja hajanywa dawa, na sababu ni choo.

Robi alikaa chini pale pale sakafuni, glavu za mpira mkononi.

Kilichomuuma hakikuwa uongo. Kazini alikuwa na wazee kumi na wawili, na kwa kila mmoja alijua nani huamka saa ngapi, nani huona haya kumwita mwanamume, nani hunywa maji akipewa kikombe chenye mshikio. Lakini mama yake mwenyewe, yeye alimbandikia karatasi tu kwenye friji.

"Nilikuuliza umekunywa au hujanywa," alimwambia mama yake. "Sikukuuliza kinachokuzuia."

"Ningesema nini, mwanangu? Na mkwe wangu yuko ndani?"

Saa moja simu ya Marjani ilipolia, Robi alikuwa tayari anajua. Kesho yake aliomba ruhusa kazini akampeleka mama yake kwenye zahanati ya bure iliyokuwa chini ya kanisa moja. Daktari wa pale alimpima, akamwonya kwa upole kwamba dawa ya presha haiachwi kimya kimya, akamwandikia nyingine isiyomhangaisha na maji, akataka kumwona tena baada ya wiki mbili.

Lakini maji bado ilibidi yanywewe, na choo kilikuwa kile kile. Usiku huo Tobias hakuwa na zamu, na Robi akamweleza, akichagua maneno kama anayechambua mchele. Tobias akakiri kwamba yeye naye, tangu mama afike, husimama kituo cha petroli kila asubuhi kutumia choo cha huko kabla ya kuingia nyumbani, na akilala hujibana hadi alasiri asije akamkuta mama koridoni. Robi aliuma mto asicheke kwa sauti.

Tobias hakumwambia mama mkwe wake neno lolote, na isingefaa. Jumamosi alining'iniza pazia zito koridoni, kati ya ile milango miwili, likaficha mlango wa chumba chake. Ndani ya choo aliweka redio ndogo, akaiacha ikisema mchana kutwa, hata mtu akiingia asisikike. Ghati aliamka akaikuta. Alisimama kidogo akiisikiliza, akaelewa, akaenda jikoni akanywa glasi mbili za maji, moja baada ya nyingine.

Kufikia mwisho wa mwezi wa tatu, miguu yake iliingia viatu bila taabu, na mashine ya duka la dawa ilisoma mia na thelathini na sita juu ya themanini na minne.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari yake ya kurudi nyumbani, akina mama wa Kenya walikutana baada ya ibada huko Lanham, na mhudumu mmoja wa afya akatoa somo kuhusu presha. Alipomaliza, aliuliza kama yupo mwenye la kuongeza. Ghati, aliyekuwa mgeni, akainuka, akasimulia kwa ufupi habari ya choo na pazia.

"Ukimwambia mzazi wako anywe dawa," alisema, "mwonyeshe na pa kuipelekea."

Ukumbi mzima ulicheka. Ghati akaketi, akakitengeneza kilemba chake. Watu walipokwenda kuchukua chai, mama mmoja mzee kutoka Woodbridge, asiyemfahamu, alivuta kiti akaketi karibu naye kabisa, akamuuliza kwa kunong'ona hilo pazia lilikuwa la kitambaa gani.